Tope la Kopo Namba Saba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mafunzo yameanza, Kurasini. Tuko tisa, nafasi ni moja: kwenye meli itakayopima sakafu ya bahari kabla ya mabomba ya gesi kulazwa. Lazima iwe yangu, maana baba alishaitangaza kanisani jana na kuninunulia koti zito la baharini. Mkufunzi wetu, Dokta Tupokigwe, ametufundisha kubana tope kidogo kwa meno ya mbele. Likikwaruza, lina chenga za mchanga. Likiteleza, ni udongo wa mfinyanzi mtupu. Wahiba, binti wa muuza mchele, amepatia yote. Mimi nimemeza.

Jumanne, 7 Oktoba
Kila mtu amepewa kopo lake la tope, la mtihani wa Alhamisi. Langu namba saba. Marufuku kulitoa maabara. Nimelitoa. Mazoezi ya siri nyumbani Goba. Wahiba ataisoma namba!

Jumatano, 8 Oktoba
Balaa. Alfajiri dada yangu Benedicta ameona kopo chafu, akalimwaga, akalisugua hadi likang'aa. Alitegemea shukrani. Tope la bahari ni la kijivu, udongo wa Goba ni mwekundu. Nimefikiri sana. Nimechanganya udongo, maji, chumvi, na saruji iliyobaki tulipojenga choo. Rangi ileile, ukilitazama kwa mbali! Nimelirudisha maabara mapema, hakuna aliyeniona. Najiona mtaalamu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kisu cha Dokta kimegoma kuingia. Akaligonga kopo mezani, kikatoka kipande kizima, kigumu, chenye umbo la kopo. Nikamweleza kwamba huenda tumegundua mwamba. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema tope huchukua maelfu ya miaka kuwa jiwe, langu limechukua siku moja. Kisha, kwa sauti ya chini:
"Valerian, kule baharini watu watajenga juu ya maneno yako."
Niliona aibu kweli. Meli amepata Wahiba. Aliniletea maji ya kunywa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwangukia Dokta. Anahitajika mtu wa akiba, endapo Wahiba ataugua. Nimepewa kopo jipya, mtihani Jumatatu. Nimeahidi kutolitoa maabara. Nilimaanisha. Hadi saa kumi jioni nilimaanisha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Baba hajui kitu. Leo amenivalisha koti mwenyewe, akanifunga vifungo kama siku yangu ya kwanza ya shule.
"Mama yako angekuona," akasema.
Nimeshindwa kumwambia. Nilipogeuka kuficha machozi, mkono wa koti ukalikumba kopo lililokuwa dirishani. Tope lote kwenye zulia. Baba alipotoka nimekaa chini, nikatafakari kosa langu la Jumatano bila kujionea huruma. Sasa nimelijua. Saruji ilizidi. Safari hii naweka kijiko kimoja tu.