Chuma Nilichokiosha kwa Maji ya Mama Mkwe

Rafiki zangu wa Masasi, leo nimeaibika hadi masikio yanawaka.

Mnajua niko huku Makote nikilima shamba la wakwe. Ndiyo desturi yao: mchumba hulima kwanza, mama mkwe akiridhika, harusi inafungwa. Nimebakiza siku tatu. Kutulia siwezi. Mama Somoe, mama mkwe mwenyewe, akikohoa tu, nashika jembe.

Asubuhi nilikuwa nachimba shimo la kupandia mkorosho. Kwaa! Chuma. Nikakifukua: kipana, kimeliwa na kutu, kina mkia wenye ncha. Mkuki wa vita vya Wajerumani! (Msiniulize nilijuaje. Sikujua.) Nikajiona tayari ofisini kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, nasifiwa.

Baba Somoe, mtetezi wangu pekee pale nyumbani, akakitazama, uso ukambadilika.

"Kifukie, mwanangu."

"Baba, hii ni mali!"

"Nimesema kifukie!"

Nikadhani anaogopa mizimu ya askari. Nikatimka nacho hadi nyumbani. Nikasugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu. Bado tope. Mlangoni palikuwa na debe la maji. Nikalimaliza lote.

(Kwetu maji yako jirani. Huku mwanamke huondoka jogoo la kwanza, akateremka bondeni, akarudi na debe kichwani jua likiwa utosini. Nilijua! Mikono ndiyo iliyosahau.)

Chuma kikang'aa, zikatokea alama tatu. "Namba za Kijerumani!" nikapiga kelele. Majirani wakajaa, Baba Somoe nyuma yao. Mama Somoe akatoka. Akatazama debe kwanza.

"Shikamoo, Mama." (Nilishamwamkia asubuhi.)

Akapitisha kidole kwenye zile alama.

"Hii ni alama ya mjomba wangu, mhunzi. Jembe hili alimpa Baba Somoe alipokuja kulima ili anioe. Siku ya pili akasema limeibwa." Akamgeukia mumewe. "Baba Somoe, mwizi gani huyo anayeiba jembe, akalizika shambani kwetu?"

Baba Somoe alikuwa anakodolea macho mkorosho wa pale mlangoni, utadhani anahesabu korosho. Haujatoa hata ua.

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikajikaza kuuliza.

"Mama, na harusi?"

"Harusi ipo. Maji ndiyo hayapo." Akatukabidhi madebe, mimi na mumewe.

Basi nawaandikia nikiwa huku bondeni, kwenye foleni ya kisima. Wanawake kibao, wanaume wawili. Habari wameshazipata, tena wanatufundisha kusokota ngata ya kuwekea debe kichwani. Baba Somoe yuko mbele yangu, hajanisemesha njia nzima. Kesho lile jembe linatiwa mpini, nalo ndilo nitakalolimia siku zilizobaki.

Tafadhali msinicheke. Na baba mkwe akikwambia fukia, ndugu yangu, fukia.