Kitasa cha Kujifunga Chenyewe

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Aibu! Mama Hedwiga, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kaja kubisha hodi. Kashika mkono wa mlango, mkono ukabaki kiganjani mwake. Kaniuliza kama ni sadaka. Evaresta, mke wangu, hakucheka. Huu mwezi wa rozari. Ijumaa sanamu ya Bikira Maria inalala kwetu, Jumamosi jumuiya nzima inakuja kuichukua, iende kwa jirani yetu Parsimei. Evaresta kasema nikimwaibisha tena mbele ya jumuiya, anarudi kwao Kibosho. Na mtori wake wa ndizi anaondoka nao. Mungu wangu!

Jumanne, 5 Oktoba
Parsimei kaweka kitasa kipya, cheupe kama fedha. Ng'ombe wake wenyewe wanakishangaa. Anadai kakifuata Nairobi. Nimemwambia hongera, huku roho inaniuma. Ngoja!

Jumatano, 6 Oktoba
Evaresta kaniagiza komeo na kufuli. Kufuli! Mimi nafuga kuku sebuleni? Nimekwenda dukani kwa Sumari, nyuma ya soko. Zamani, enzi za uhaba, hata bawaba hupati mpaka umjue mtu. Siku hizi biashara ni ruksa, vitasa vimejaa mpaka darini. Nimechagua cha rangi ya dhahabu. Ukivuta mlango kinajifunga chenyewe! Sumari kaapa kwa marehemu bibi yake kwamba funguo zake mbili hazina ndugu. Mtu hawezi kumsingizia marehemu bibi yake.

Alhamisi, 7 Oktoba
Fundi wa nini? Nimekifunga mwenyewe. Tundu limezidi kidogo. Nimeziba kwa ugali wa jana, nikapaka rangi. Huwezi kujua. Evaresta kadai ufunguo wake. Nimemwambia asubiri, kwanza funguo zibarikiwe.

Ijumaa, 8 Oktoba
Sanamu imeingia kwa nyimbo. Mlango nimeushikilia wazi, sitaki wamalize uhondo leo. Funguo zote mbili nimeziweka miguuni pa Bikira Maria, zilale na baraka. Parsimei hakuwaza hilo!

Jumamosi, 9 Oktoba
Jumuiya ilifika na mishumaa, mimi na Evaresta tukatoka kuwapokea. Parsimei akakitazama kitasa, akasema dhahabu ya namna hii ikinyeshewa inageuka kutu. Nikachemka. Nikawaomba wote wanyamaze, wasikie kinavyojifunga. Nikavuta mlango. TWA! Mlio mtamu ajabu. Nikapapasa mfukoni.

Uuuwi! Funguo ndani. Bikira Maria ndani. Madirisha yote yana nondo. Evaresta alikaza kitenge kiunoni, nami nikaiona Kibosho hiyo. Mama Hedwiga akaanzisha rozari palepale uani. Nilisali kuliko siku ya ndoa yangu.

Parsimei, kwa kejeli tu, akachomoa ufunguo wake. Akasema tujaribu kitu cha Nairobi. Akazungusha huku akicheka. Mlango ukafunguka! Kicheko kikamkauka mdomoni. Vigelegele, akina mama wanalia, Mama Hedwiga anasema Mama Maria kasikia. Evaresta kanishika mkono mbele ya watu wote, kacheka mpaka kakaa chini. Nimepona! Haendi popote! Parsimei ningembusu.

Tulipofika kwake na sanamu, nikajaribu ufunguo wangu mlangoni pake. Ukafungua. Kaninong'oneza kwamba naye alinunua kwa Sumari, Nairobi hajawahi kufika. Tumekubaliana: wachache wanajua, wachache wabaki.

Jumatatu, 11 Oktoba
Evaresta kaniuliza, kwa upole, ikiwa Parsimei anafungua kwetu, nani mwingine Arusha hii anafungua? Kataka nirudishe kitasa, nilete komeo na kufuli. Ana haki. Nimekwenda.

Sumari kasikitika sana. Kaapa, safari hii kwa marehemu babu yake, kwamba ameingiza aina mpya, yenye kichwa cha simba, na duniani ufunguo wake ni mmoja tu. Nimechukua viwili. Kimoja changu. Cha pili namuuzia Parsimei kesho, nitamwambia kimetoka Dubai.