Kahawa ya Gramu Kumi na Nne

Redio ya Kasongo ilimaliza matangazo ya misiba, ikaingia kwenye habari njema: maternité mpya ya parokia, nyumba ya kujifungulia, itafunguliwa kesho Jumapili baada ya misa, na wageni kutoka Kindu watanyweshwa kahawa ya kisasa, ya mashine, kutoka kwa Mama Honorine wa sokoni.

Benchi zima la wateja mbele ya meza yake lililipuka kwa kicheko. Mama Honorine peke yake hakucheka. Mashine ilikuwa na siku ya tatu pale mezani kwake, na kwa siku zote hizo haikuwa imetoa hata kikombe kimoja cha kunyweka.

"Kahawa ya kisasa!" alisema Tope, akijipiga paja. Huyu jina lake ni Musafiri, dereva wa pikipiki wa barabara ya Kabambare. Walimwita Tope kwa kuwa hakuna aliyewahi kujua rangi ya suruali yake. "Mama, hao wageni balikosa nini? Mutu anatoka mbali vile, unamupa dawa ya minyoo?"

"Dawa ya minyoo iko na sukari," alijibu Dictée, yaani Imla, ndiye mwalimu mstaafu Jean-Baptiste, mwenye miwani ya kamba na goti baya. "Hii ya Mama ni adhabu. Ningekuwa nayo wakati nafundisha, hakuna mutoto angechelewa darasani."

"Vieux, jana si ulimaliza kikombe?" Tope alimuuliza mzee.

"Nilimaliza? Nilimwaga kwenye muguu ya benchi. Angalia, muchwa wote bamehama!"

Mama Honorine aliwaachia wacheke. Ni Tope huyuhuyu aliyemletea mashine kutoka Kabambare, mzigo uliotumwa na mwanawe Mama, Joël. Mvua iliwanyeshea njia nzima, na Tope alivua koti lake akalifunika sanduku, akafika anatetemeka kama kifaranga. Mtu wa namna hiyo akikucheka, unamwongezea tu sukari.

Lakini kesho ilikuwa kesho. Masista walikuwa wamemwamini, na redio imeshasema. Kahawa isipotoka leo, kesho atasimama mbele ya padri na wageni na vikombe vitupu, na jina lake alilolijenga kwa birika na mkaa miaka thelathini litaishia hapo.

Alichukua kile kichujio cha chuma, kikombe kidogo chenye matundu chini, akakijaza unga wa kahawa. Akaongeza kijiko. Akaongeza kingine, mpaka ukasimama kilima.

"Na hii juu ni matabishi yenu," alisema.

Ndivyo alivyouza maisha yake yote. Hajawahi kupima maharage, mchele wala mawese bila kuweka nyongeza juu. Na kwa siku hizo tatu, kila waliponung'unika kwamba kahawa ni mbaya, aliwahurumia, akazidisha kilima.

Alikandamiza, akakiweka kichujio kwenye mkono wa mashine, akauingiza mahali pake kwa nguvu za mabega yote mawili, akawasha. Mashine ilinguruma. Ikatetemeka. Tone moja likaanguka. Wakangoja. La pili likafikiria kwanza, kisha likaanguka. Halafu mvuke ukapenya pembeni, na unga mweusi ukaruka moja kwa moja kwenye viatu vyeupe vya Karati.

"Viatu yangu!"

Karati ni Dady, mnunuzi wa dhahabu. Alikuja na kiti chake mwenyewe kila siku, maana benchi, alisema, ni la watu wa jasho.

"Pole, mwanangu," Mama Honorine alimwambia, tayari ameshika kitambaa.

"Mashini imekutambua!" Tope alicheka mpaka akakohoa. "Imeona mutu wa kutemewa!"

Mama Honorine alifungua mkono wa mashine, akatazama ndani. Juu ya kahawa iliyoganda palikuwa na alama ya skrubu iliyo juu ndani ya mashine, imechapwa wazi kama muhuri.

"Mwalimu, uone. Kahawa imegusa dari."

Dictée alishusha miwani. Hakuangalia kahawa, aliangalia ukingo wa kichujio. "Mama, hapa kuko maandishi. Kumi na nne, halafu g. Quatorze grammes! Siku tatu tunakunywa sumu, kumbe hesabu imeandikwa kwenye mudomo! Hiki kikombe kinataka gramu kumi na nne, si kilima."

"Gramu?" Karati alisimama, akajinyoosha shati. "Sasa muko naingia mu kazi yangu. Mupishe."

Akatoa mfukoni mizani yake ndogo ya kupimia dhahabu, akaiweka mezani kwa vidole viwili. Akatandika karatasi, akamimina unga wa kahawa polepole mpaka namba zikasimama.

"Kumi na nne. Kamili. Wengine bako nasoma gramu, siye tunaishi nayo."

Mama Honorine akamimina unga ule kwenye kichujio. Ukajaa. Ukapita ukingo. Ukasimama kilima.

"Karati, hii ni ileile!" alisema Tope. "Umemuongezea Mama kazi tu."

"Basi fabrike iliyotengeneza hii mashini iliandika uongo."

"Fabrike nzima iongope, wewe peke yako useme kweli? Hata pikipiki yangu imecheka."

Mashine ilijaribiwa. Haikutoa hata tone la kwanza.

Mama Honorine alikaa kidogo, mikono mapajani. Akafikiria sufuria ya mchele: hakuna mwanamke anayejaza mchele mpaka kwenye kifuniko, maana ukilowa unavimba, na lazima uvimbie mahali. Akachukua kisu, akajaza kichujio upya, akakata kilima sawa na ukingo. Akakandamiza unga mpaka ukashuka, ikabaki nafasi ndogo juu, kama unene wa ukucha. Ilimuuma kidogo kuirudisha ile nyongeza kwenye kopo.

Mkono uliingia bila kusukumwa. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, kisha uzi mwembamba ukashuka, wa rangi ya udongo wa Lusangi baada ya mvua, na povu juu yake.

Dictée alionja. Akafumba macho.

"Vieux, unakufa?" Tope aliuliza.

"Niache. Niko nasahihisha." Akaonja tena. "Ishirini juu ya ishirini."

Mwishoni mwa benchi alikaa Aganze, mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila, ambaye walimwita Kimya. Kila asubuhi alipangusa benchi kwa mkono wa shati lake ili Dictée akae pakavu, naye hakuwahi kulitaja hilo. Asubuhi hiyo ndipo aliposema.

"Mama, ujaze ingine vilevile. Usifunge kwanza, umwage pale ku mizani."

Akajaza, akakata, akamwaga. Namba zikasimama.

"Kumi," alisoma Dictée. "Ajabu. Kikombe kimeandikwa kumi na nne."

"Kahawa ya huku iko mwepesi," alisema Karati, akinyoosha mkono kuichukua mizani. Kimya aliweka kiganja chake juu ya meza, katikati.

"Mama, levure ya mikate iko wapi?"

Mama Honorine alimpa sashe ya hamira, ya mikate ya mafuta aliyotaka kukaanga kesho iliwe na kahawa. Kimya aliigeuza, akamwonyesha mwalimu.

"Onze grammes. Gramu kumi na moja," alisoma Dictée.

Kimya aliilaza kwenye mizani, kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Nane.

"Imekauka njiani," alisema Karati. "Ile barabara ya Kabambare..."

"Usiingize barabara yangu!" Tope aliruka. "Sashe imefungwa! Ingekaukia wapi?"

Kimya akaweka ya pili. Nane. Ya tatu. Nane.

Karati alikuwa amewapimia watu dhahabu kwa mizani ile miaka mingi hata akasahau tabia yake ya kula gramu. Sasa aliikumbuka. Alikumbuka pia kitu alichokiacha nyumbani, cha haraka sana.

"Kaa, Dady," alisema Mama Honorine, akamwekea kikombe mbele yake. "Kunywa kwanza, mwanangu. Yako iko gramu kumi na nne. Za kweli."

Hakunywa. Alibeba kiti chake kichwani, akaondoka upesi, viatu vyeupe vikichapa vumbi.

Kimya alisimama. "Mama, uniazime hizi sashe. Si yeye peke yake ananunua dhahabu."

Tope aliwasha pikipiki, Kimya nyuma yake, paketi nzima ya hamira kifuani. Dictée naye akachechemea nyuma yao na goti lake, maana, alisema, lazima awepo mtu wa kusoma namba.

Kesho yake wageni wa Kindu walikunywa kahawa, wakaomba ya pili. Mikate tu ndiyo ilitoka bapa kama kandambili. Hamira ilikuwa bado inazunguka maduka ya dhahabu.