Kilo za Watasema

Jumatatu, 9 Juni 2025

Watasema ana uvimbe. Si nyuki aliyemuuma, kama nilivyojidanganya tangu Pasaka. Uko kwenye titi la nyuma, umefikia ukubwa wa limau, na leo ameulamba hadi ukatoa damu. Nimempakia kwenye bajaji hadi Shanwe, kwa Daktari Dina wa mifugo. Ameubonyeza, akaguna. Anasema mbwa apasuliwe keshokutwa, kabla ugonjwa haujasambaa.

Nilikubali haraka. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, kwa hiyo niliangalia ukutani, kwenye picha ya ng'ombe.

Kwa kweli si mbwa wangu. Ni wa marehemu mke wangu, Fausta. Miaka ile tulipokaa bila mtoto, na Kakese nzima ikawa inatusema, Fausta alileta kijibwa akakiita Watasema. Kila jioni alisimama barabarani akakiita kwa sauti, ili wahusika wasikie. Watasemaaa! Huku kwetu mbwa hapewi jina bure. Jina lina mtu wake. Fausta alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Nyumbani tumebaki mimi, mbwa na mzani.

Na sasa tatizo ni huo mzani. Daktari anataka kilo za mbwa. Dawa ya usingizi inapimwa kwa kilo, na ya maumivu vilevile. Mzani wake umekwenda Mishamo na wenzake wanaochanja mbwa dhidi ya kichaa. Akacheka, akasema mnunuzi wa mpunga hawezi kukosa mzani, nimpime nyumbani kisha nimpigie simu.

Nikacheka na mimi. Kazi ipo!

Jumanne, 10 Juni

Maelezo kidogo kuhusu mzani wangu. Ni wa kuning'iniza, wenye saa na mshale, mzuri kabisa. Ndani nimeweka kawaya kadogo kanakoibana springi, ili mshale usiwe na papara. Si wizi! Mpunga huja na unyevu, mawe na pumba, na mnunuzi lazima ajikinge. Manyanda, mnunuzi wa ng'ambo ya barabara, nina hakika anajikinga mara mbili yangu.

Mpango wa leo ulikuwa safi. Kuamka mapema, kutoa waya, kumpima mbwa kwa haki, kurudisha waya, kunywa chai.

Waya umeshika kutu. Nimeuvuta kwa plaizi hadi plaizi yenyewe ikavunjika. Nikiwa bado natukana, uani wakaingia wakulima na magunia yao. Wa mbele ni shemeji Yustina, dada mkubwa wa Fausta. Akanikuta nimemshika mbwa chini ya mzani, akataka kujua kulikoni. Nikaeleza. Wote wakakaa kutazama. Manyanda naye akavuka barabara, mswaki mdomoni, kana kwamba hapa kuna mkutano wa hadhara.

Tukamweka Watasema kwenye kitenge cha Fausta, tukamning'iniza. Alitulia tuli, ananiangalia mimi tu. Mshale ukasimama kwenye kilo kumi na sita.

Yustina akasema haiwezekani. Huyu mbwa yeye mwenyewe amewahi kumbeba kuvuka maji ya jaruba la mpunga, na mgongo wake unakumbuka, anapita ishirini. Manyanda akaacha kusugua meno.

Nifanye nini? Nikisema mbwa ni mzito kuliko mshale, kila mtu pale anarudi nyumbani kukumbuka magunia yake tangu mwaka juzi. Akiwemo shemeji. Nikatangaza kwa sauti ya mnada: kumi na sita! Mzani hauna undugu!

Nikampigia Daktari Dina hiyohiyo kumi na sita. Hata pembeni nisingeweza kumwambia zaidi, maana mama yake ni dada yake Manyanda. Kinachoingia sikioni kwa Dina kinatokea mdomoni kwa mjomba. Akashangaa, akasema kwa macho alimwona mkubwa. Nikamwambia ni manyoya.

Jumatano, 11 Juni

Uvimbe umetoka wote! Nimeuona kwenye bakuli. Kitu kidogo hivyo, na jeuri yote hiyo.

Daktari anasema Watasema alitaka kuamka katikati ya kazi, ikabidi amwongeze dawa ya usingizi kwa makadirio. Anasema hajaona mbwa wa kilo kumi na sita mwenye nguvu namna hii. Nikasema ni mbwa wa Kakese.

Amenipa vidonge vya maumivu. Nusu kidonge kila asubuhi, akishakula. Nisiongeze. Nisichanganye na dawa nyingine. Na dawa ya watu nisimpe kabisa, hata ile ya kawaida ya kichwa, kwa sababu tumbo la mbwa na figo zake hazihimili dawa zetu. Nikiona anaumia nimpigie yeye kwanza, atanielekeza kwa usalama. Alirudia mara mbili, taratibu, kama anayefundisha chekechea. Nikamwambia nimeelewa. Mimi nimefika kidato cha pili.

Nimerudi naye mapajani. Ana nyuzi tumboni kama gunia lililoshonwa vizuri. Njia nzima alinilamba kidole gumba.

Alhamisi, 12 Juni

Nusu kidonge nimempa. Haisaidii.

Halii. Ingekuwa heri angelia. Anatetemeka, amegeuza uso ukutani, na nikimgusa anafumba macho. Fausta wiki zake za mwisho alilala hivyohivyo, uso ukutani, na ukimuuliza anasema hajambo. Nimeshindwa kula. Ugali nimewapa kuku.

Sababu naijua, si mjinga. Amepewa dawa ya mbwa mdogo na yeye ni mkubwa. Lakini mkubwa kiasi gani? Waya unakula kilo ngapi? Nimeuweka mwenyewe, nikaukaza msimu wa juzi, nikaukaza tena kidogo baada ya Pasaka. Kwa gunia la mpunga sikuwahi kuhitaji kujua.

Nimekaa kwenye kigoda kupima. Dawa ikiwa ndogo, mbwa anateseka. Ikiwa kubwa, figo. Manyanda, bila kuulizwa, akapaza sauti kutoka kwake kwamba maumivu ni mazuri, ndiyo yanayomlaza mbwa, ukiyaondoa yote ataruka akate nyuzi. Nilikasirika kwa sababu ilisikika kama akili. Yustina, aliyemletea Watasema uji, akasema mbona nahangaika na simu ninayo, nimpigie daktari.

Nikashika simu. Nikaandika: Daktari, samahani, kuhusu zile kilo. Nikatazama uani. Magunia ya watu yamepangwa hadi langoni, yanasubiri mzani. Nikafuta.

Nimempa nusu nyingine. Nusu na nusu ni kimoja, si jambo la kutisha.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi kidonge kizima. Mchana bado anatetemeka.

Ndipo akili ikanijia! Nina dawa yangu ya mgongo, diklofenaki. Mimi inanisimamisha wima hata nikiwa nimebeba magunia kutwa. Daktari alikataza dawa za watu, lakini madaktari hukataza kwa ujumla. Hawajui kila nyumba ina hali gani. Tena robo tu. Robo ni nini? Nimeikata kwa kisu cha mboga, nikaificha kwenye minofu ya samaki wa mgebuka.

Watasema alinusa, akageuza kichwa. Nikambembeleza kwa sauti ya Fausta. Naiweza vizuri. Akala kutoka mkononi mwangu.

Alilala! Alilala kabisa, miguu imenyooka, kutetemeka kumekwisha. Nikakaa karibu yake nikasikia anavyopumua, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nyumba hii ikawa na raha. Nilijiona daktari. Nikatamani kumwambia mtu. Jioni alipoanza kujigeuza nikampa robo nyingine, asije akaamka na maumivu.

Jumamosi, 14 Juni

Ametapika mara nyingi. Kuna damu. Choo cheusi kama lami. Fizi zimekuwa nyeupe. Maji anayatazama tu.

Nimempigia Daktari Dina nikiwa sijavaa hata viatu. Akaja na pikipiki. Akauliza nimempa nini. Nikasema vidonge vyake, kama alivyoelekeza. Akauliza tena. Yustina alikuwa amekaa chini, amepakata kichwa cha mbwa, akainua macho akaniangalia. Ana macho ya Fausta, ndiyo shida yake. Nikasema na robo ya dawa ya mgongo. Kisha nikasema robo mbili. Kisha kuhusu nusu zile nyingine.

Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Akasema dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja, zikikutana tumboni mwa mbwa zinachubua utumbo na kuzima figo, na ndiyo maana alikataza. Atamwekea dripu, na dawa ya kulinda tumbo. Akafungua mkoba, akauliza kama zile kilo nina uhakika nazo, kwa sababu anataka kupima dawa upya na safari hii hakuna nafasi ya kukosea.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Wakulima wawili walikuwa pale na magunia. Manyanda amesimama langoni, mikono kifuani. Watasema akatikisa mkia kidogo, mara moja tu, kwa vile alisikia napumua kama mtu anayetaka kusema.

Nikasema kumi na sita.

Wamekwenda naye Shanwe. Yustina ndiye aliyempakata. Mimi niliambiwa hakuna nafasi kwenye pikipiki.

Jumapili, 15 Juni

Watasema amekufa.

Nilikwenda Shanwe moja kwa moja baada ya misa, sijabadilisha shati. Alikuwa mezani, amefunikwa gazeti. Daktari Dina macho mekundu, hakulala. Anasema figo zilishindwa.

Alimbeba mwenyewe kumpeleka kwenye bajaji. Hatua chache akasimama. Akampandisha kidogo mikononi, kama mtu anayekadiria mzigo, akanigeukia. Akasema huyu mbwa si wa kilo kumi na sita.

Nikamwambia maiti huwa nzito.

Akamlaza kwenye kiti taratibu, kama vile bado anaumia.

Tumemzika nyuma ya nyumba, karibu na mpapai. Nilileta gunia jipya, halijatumika hata mara moja. Yustina akalisukuma pembeni, akafungua kitenge chake kiunoni, akabaki na gauni, akamfunga nacho. Tangu Shanwe hajasema nami neno. Manyanda alikuja na jembe lake akachimba zaidi ya nusu ya shimo. Sikumwomba! Hakusema lolote la kunichokoza, na hilo limenisumbua sana.

Jioni miguu ilinipeleka barabarani. Nikamwita. Watasemaaa. Mara moja tu, mazoea. Ng'ambo Manyanda akavua kofia.

Nimelia. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma. Nimelia nikakohoa nikalia tena. Sasa hata mtu wa kumwambia kwamba Fausta angelia hayupo.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Nadhani ni dawa za siku hizi. Na ule mzani wa daktari, kwa nini upelekwe Mishamo wakati watu wana wagonjwa?

Jumatano, 25 Juni

Leo shemeji Yustina amekuja! Nilidhani hatakanyaga tena hapa. Mpunga wake wote uliobaki msimu huu amempelekea Manyanda, mara ya kwanza tangu nimwoe mdogo wake. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa Manyanda ni karibu. Ni ng'ambo ya barabara!

Amefungua kanga yake, ndani kuna kijibwa. Mjukuu wa Watasema, maana mbwa wa Yustina alizaliwa na Watasema. Masikio yaleyale, doa jeupe lilelile kifuani. Akaniwekea mikononi, akasema Fausta asingependa nyumba ikae kimya.

Amekwisha kumpa jina. Anaitwa Unajijua. Jina zuri, lina nguvu. Nimekaa kufikiri anamlenga nani. Bila shaka ni Manyanda.

Kuna dawa ya minyoo ya kumpa, na Daktari Dina anataka kilo. Nikatoa kitenge cha Fausta sandukuni, nikamlaza kijibwa ndani, nikamning'iniza. Akajikunja, akalala palepale kwenye harufu ya Fausta. Nilimwangalia muda mrefu, roho ikawa laini kama uji. Nikajiapia kwamba huyu hatapatwa na baya lolote mikononi mwangu.

Kisha nikatazama mzani. Mshale haujatikisika. Nikagonga kioo. Sifuri. Kijibwa kinapumua, kina tumbo, kinakoroma, na mzani unasema kwenye kitenge hakuna kitu.

Nikautazama waya. Plaizi ningeweza kuazima. Lakini kesho wanaleta mpunga kutoka mashamba ya bondeni, magunia mengi kuliko wiki zote, na msimu unakaribia kwisha. Wakati wa kugusa mitambo si huu.

Nikampima kwa mkono, nikampigia daktari, nikasema kilo mbili. Akauliza nimepima kwa mzani uleule. Nikamwambia uleule, haujawahi kuniangusha.

Nikasema haloo, haloo. Kimya. Mtandao wa hapa Kakese ni mbovu sana.