Malalamiko Kuhusu Ng'ombe Aliye Kifuani mwa Mke Wangu

Kaisho, Kyerwa.

Kwa Daktari Bingwa wa Moyo,

Shikamoo. Najua unalingana na kitinda mimba wangu, lakini aliyeushika moyo wa mke wangu kwa mikono yake nitamwamkia hata akiwa bado ananyonya.

YAH: KUFICHWA MWENYE NG'OMBE

Mimi ni Felisiani, mfugaji, mume wa Kokuhirwa uliyempasua mwezi wa pili. Ulitueleza vizuri: utotoni aliumwa koo, halikutibiwa sawasawa, homa yake ikaja kuharibu valvu, yaani kile kilango cha moyo. Kikawa hakifungi, damu inarudi ilikotoka. Kupanda kilima kutoka kisimani alikuwa anakaa chini mara tatu. Miguu ilivimba. Nilianza kumlilia angali hai, Daktari, sioni haya kusema. Ukataja valvu ya ng'ombe ya kuwekwa badala yake, nikaruka kwa furaha. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Hamkuniambia ng'ombe ni wa nani. Kwetu aliyekupa ng'ombe ni ndugu yako: unamjua, unamtembelea, na siku moja unampelekea mtamba ambaye hajazaa bado. Mimi nimepewa ng'ombe na mke juu yake, sijui hata pa kusema asante! Aibu hii inanimaliza.

2. Hata rangi hamkusema. Ni bihogo, yule mwekundu aliyekolea? Majirani wanauliza, nami nabaki kukohoa.

3. Mmempa masharti ya mboga za majani: ale kiasi kilekile, asizidishe wala kupunguza ghafla, eti zinagombana na dawa ya kuzuia damu isigande anayomeza kila siku. Jamani! Ng'ombe gani anapimiwa majani?

4. Kifua chake kinalia tik, tik, tik. Jirani yangu Protase, mfugaji wa miaka arobaini, amesikiliza kutoka kitini kwake akasema anacheua.

5. Shemeji Asiimwe anataka niongeze mahari, kwa kuwa dada yake aliondoka peke yake akarudi na mifugo.

6. Na kubwa kuliko yote, amepona mno! Anakamua kabla sijaamka. Kilima anakipanda huku ananisema, na anayekaa chini sasa ni mimi. Ng'ombe wangu wanamfuata yeye. Mimi nikiita wananitazama tu. Ni dhahiri wamemtambua ndugu yao.

Kwa hiyo naomba jina la mwenye ng'ombe na kijiji chake. Nikikosa jibu nitakuja mimi na mtamba wangu, tukae mlangoni kwenu mpaka aonekane.

Wasalimie wauguzi wote, yule dada wa dirisha la dawa, mlinzi aliyenizuia kuingia na fimbo, na kila mwenye moyo, mzima au wa kuungwa.

Wako mwenye shukrani zisizo na pa kwenda,

Felisiani

Tanbihi: Kokuhirwa ameisoma barua hii akacheka mpaka nikaogopa. Anasema ulitaja valvu za aina mbili, ya ng'ombe na ya chuma. Mimi niliposikia ng'ombe nikatoka mbio kuwapigia simu watu wa nyumbani. Yeye akabaki, akachagua ya chuma, kwa kuwa hudumu zaidi. Basi hakuna ng'ombe. Futa namba moja hadi sita. Ila kungoja jibu kulinishinda, mtamba nilishampakia jana, na lori limeshapita Nkwenda. Mpokee wewe mwenyewe, na nakusihi, Daktari: huyo usimpasue.