Samaki wa Mama na Kopo Jekundu

Jamani, leo sina uso wa kumtazama mtu. Nimeadhirika jikoni kwangu mwenyewe, mbele ya baba yangu mzazi, tena nikiwa katikati ya kujisifu.

Iko hivi. Baba anaishi peke yake Temeke tangu mama afariki mwaka jana. Tumembembeleza mpaka midomo imekauka. "Baba, njoo ukae Boko, chumba kipo." Anakuja. Anakula. Ikifika alasiri anatafuta viatu vyake. "Nyumba yangu nitamwachia nani, mwanangu?" Basi leo nikaapa, huyu mzee halali Temeke. Nampikia samaki wa mama.

Samaki wenyewe ni minofu ya chewa, inapakwa ndimu na kitunguu saumu, halafu juu inafunikwa na chenga za mkate uliokaushwa, zimechanganywa na siagi. Oveni hatukuwa nayo. Mama alikuwa anaoka uani kwenye sufuria kubwa, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Zile chenga zilikuwa zinashika rangi, ukizitafuna zinalia. Tulikuwa tunagombania ile ya juu kama ukoko wa pilau. Dada yangu aliwahi kuning'ata mkono kwa ajili yake. (Alama ninayo mpaka leo. Nimemsamehe, hata mie ningemng'ata.) Mama anasimama na mwiko wake: "Nyie watoto mna njaa au mna mashetani?" Mungu amrehemu, nammisi sana.

Sasa mie oveni ninayo, ya gesi. Tatizo lilikuwa moja tu, mafua. Pua zimeziba tangu juzi, hata unipitishie dagaa wabichi mbele ya uso sijui kitu. Nikapuuza. Nikasema leo napika kwa macho.

Asubuhi nimekwenda kwa muuza samaki wangu kule Bunju, kanitolea ngozi na mifupa, minofu myeupe safi. Narudi nyumbani nakumbuka kopo.

Tulipogawana vitu vya mama, wenzangu waligombania kanga. Mie nikachukua kopo lake jekundu la biskuti. Ndimo alimokuwa anaweka zile chenga, na mie nilikuwaga napanda stuli kuziiba. Sikuwahi kulifungua tangu nilipolileta hapa. Nilikuwa naogopa kulia. Leo nimelifungua, na chenga zimo! Kavu, za kahawia, zimefika nusu ya kopo. Chenga za mkono wa mama mwenyewe! Nimelia pale pale, na mafua yakazidi. (Najua mnataka kuuliza nini. Mkate wa mwaka jana? Ndiyo. Kitu kikavu hakiozi. Niacheni nimalize.)

Nikazimimina zote. Siagi ikaingia, giligilani ikaingia, pilipili manga ikaingia. Nikatandaza juu ya minofu, nikasukuma trei kwenye oveni, nikaanza kukata kachumbari huku naimba.

Mara jirani yangu Mama Swaumu akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Nasra, kuna shughuli kwako? Mbona hatujaambiwa?"

"Shughuli gani? Samaki tu huyo."

"Samaki?"

"Samaki wa mama yangu. Nimeoka."

Akaniangalia kidogo. "Haya. Hongera."

Mie nikachukulia ni sifa! Nikamwambia, njoo basi ule na sie. Alipokuja alikuwa kavaa dera jipya na kapaka wanja. (Hapo tu ningeshtuka, lakini wapi.)

Mume wangu alikuwa ameenda kumpokea baba kituoni Mwenge. Wakaingia getini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akafika mlangoni, akasimama. Haingii. Akavua kofia. Nikatazama, macho yamelowa!

"Mama Nasra, umefukiza nyumba?" mume wangu akauliza.

"Nifukize saa ngapi, na mikono yote samaki?"

Baba akauliza kwa sauti ya chini, "Unapika nini, mwanangu?"

"Samaki wa mama, baba."

Akaingia taratibu. Moyoni nikasema, nimempata! Huyo analala hapa hapa.

Trei imetoka, wacha kabisa. Juu pamekauka, panang'aa kama pamepakwa asali. Nikawakalisha wote. Baba nikampa kipande cha kwanza, tena cha pembeni, kile tulichokuwa tunang'atana kwa ajili yake. Akatia mdomoni. Krach! Ule mlio! Mlio wa uani kwetu! Nikatamani dada yangu angekuwepo.

Baba akatafuna tena. Akasita. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kijiti, akakiweka pembeni ya sahani kwa adabu zote. Mama Swaumu kashika shavu. Mume wangu anashusha glasi ya maji bila kupumua.

"Zuhura. Hizi chenga umezitoa wapi?"

"Kwenye kopo la mama, baba. Lile jekundu."

"Lah! Mwanangu, lile kopo mama yako alishaligeuza kitambo, akawa anaweka udi. Umetupikia udi."

Udi, jamani! Ule aliokuwa anaupika mwenyewe kwa sukari na marashi na vipande vya mti, wa kufukizia nguo na chumba cha bi harusi. Nimeuoka. Na giligilani!

"Umebaki?" baba akauliza.

"Nimeutia wote."

Hapo ndipo nilipovunjika. Aibu niliiweza, lakini ule ulikuwa udi wa mwisho aliopika mama, na mie nimeumaliza juu ya chewa. Nikalia kwa sauti, makamasi na yote, mbele ya mgeni mwenye wanja.

Nasikia kitu kinakoroma. Nainua macho, baba anacheka! Anacheka mpaka kofia imeanguka kutoka mapajani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

"Mama yako alikuwa hataki niuguse," akasema. "Kila nikiomba, ananiambia wa Idi huo. Idi inakuja, inapita, kopo limefungwa. Leo angekukimbiza na mwiko mpaka Mwenge!"

Akakwangua ile ya juu, akala samaki wa chini wote. Kipande cha kwangu pia.

Ilipofika alasiri mume wangu akachukua funguo amrudishe. Baba hata viatu hakuvitazama.

"Nirudi Temeke nanukia hivi? Watasema nimeoa."

Yuko chumba cha wageni, kajilaza. Kasema mlango wa jikoni usifungwe, harufu iingie. Ameshauliza na kesho tunakula nini.

Mama Swaumu anasema nyumba nzima inanukia mama yangu siku ya Idi. Mume wangu naye anasema hivyo hivyo. Watu wote humu ndani wanamsikia mama, isipokuwa mie niliyempika. Nimechemsha majani ya mchaichai, nimejifunika shuka, nanusa mvuke, pua bado imegoma.

Kwa hiyo msinicheke. Mwenye dawa ya mafua inayofanya kazi haraka aniandikie hapa chini, kabla harufu haijaisha.