Kuanguka kwa Dola ya Chumbageni

Jumatatu, 14 Mei 1956

Nimeijua siri ya dunia! Baharia wa meli ya katani amenipa kitabu pale bandarini. Akasema ni cha Kimaksi, nikifiche. Jalada hakina. Kinaeleza kwa nini Rumi ilianguka. Si washenzi, si ghadhabu ya Mungu. Mabwana walikula wamejinyoosha, watumwa wakafanya kazi zote, mwisho nguzo zikaoza.

Nikamwona Mwinyijuma waziwazi. Miaka kumi na tisa mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana harusi na misiba hapa Chumbageni. Wanawake wanapika tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Yeye kitini, anaamuru. Kaizari mtupu! Kile kiti kingenifaa mimi.

Jumatano, 16 Mei

Nimekwenda kwa Bi Mwanamkasi, mkuu wa wapishi. Shikamoo mbili, ili alainike. Nikamweleza habari za Rumi. Akauliza kama Warumi walipika pilau. Nikasema hilo si hoja. Hoja ni Alhamisi ijayo, harusi ya mwana wa Mwinyijuma: wapishi wasishike mwiko, na dola itaanguka kabla ya adhuhuri.

Akasema miaka yote hiyo hajapata kula pilau ikiwa ya moto. Amenasa! Ila akashikilia kwamba kama ni kugoma, wagome harusi ya kwanza itakayofika, bila kumbagua mtu. Nikampa mkono. Fikra safi kabisa.

Jumapili, 20 Mei

Balaa. Bibi harusi wa mwana wa Mwinyijuma, kule Moa, kashikwa na surua. Harusi imesogezwa hadi mwezi ujao. Si kitu, nikajisemea, subira yavuta heri. Kisha nikahesabu kwa vidole. Harusi ya kwanza sasa ni Alhamisi tarehe 31. Ni ya Uweso bin Safari na Asmahani.

Uweso ni mimi.

Jumanne, 22 Mei

Kwa Bi Mwanamkasi tena. Shikamoo nne. Nikamfahamisha kuwa mimi si bwana, mimi ni rafiki wa watumwa, basi waanze na harusi ya pili. Akauliza kitabu kinasemaje juu ya marafiki. Nimepekua sura nzima ya Rumi. Hakisemi kitu. Akasema basi, yamekwisha.

Baba yake Asmahani kasikia uvumi. Ametuma neno: wageni wake wakirudi na njaa, na binti yake atarudi nao. Nampenda Asmahani hata chakula hakinipiti.

Alhamisi, 31 Mei

Nimeoa! Lakini kwa aibu gani!

Asubuhi uani hapana mtu. Masufuria matupu, mchele guniani. Nikakaa juu ya kinu na joho langu, nikalia. Akaja Mwinyijuma na wazee watatu. Akavua kanzu, akafunga shuka, akawasha moto. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, mwanangu, kalete kuni. Nikabeba kuni, bwana harusi mzima!

Wapishi walifika saa sita, wamejifukiza udi, wakaketi mkekani kama wageni. Bi Mwanamkasi alikula pilau ya moto sahani tatu, akasema chumvi imepungua. Mwinyijuma alikula wa mwisho, ukoko. Baada ya nikaha wazee wakamfanya mwenyekiti wa maisha. Waliopiga vigelegele zaidi ni wapishi.

Jumamosi, 2 Juni

Nimetafakari. Kosa si la kitabu. Niliishia sura ya Rumi. Sura ya pili ni Babeli, na Babeli ilisimama kwa maji. Wachimba mifereji wakitupa majembe, mfalme anakufa kiu. Na nani anashika ufunguo wa bomba la mtaa? Mwinyijuma! Kesho nitasema na wachota maji. Wagome, wasimchotee mtu yeyote, bila ubaguzi.

Nimemwita Asmahani aniletee maji ya kuoga, nimechoka kwa kusoma. Kaleta ndoo mbili kutoka bombani. Akataka nimsomee kidogo. Nikamwambia ni mambo ya dola, hayamhusu.